Ng'ombe Watano Wasio na Nundu

Gharama yake yote, nikihesabu mara mbili kama kawaida yangu, ni hii: ng'ombe kumi na wawili waliopelekwa Didia wakahesabiwa bila kupokelewa, lori la kukodi kutoka Masumbwe, kibali cha kusafirisha mifugo, malisho yao tangu siku hiyo, na sentensi moja. Hivyo vingine naweza kuviwekea bei. Sentensi ndiyo imenishinda, maana niliitoa bure, bila kuombwa, tena nikairudia.

Mimi ni dalali wa ng'ombe mnadani. Nasema mapema ili msomaji asitafute aibu mahali ambapo haijawahi kuwepo. Kazi yangu ni kusimama kati ya anayeuza na anayenunua, kila mmoja nikimhakikishia kwamba niko upande wake, na jioni wote wawili wakinilaumu najua nimegawa sawasawa. Miaka yote hii nimewagawa ng'ombe katika mafungu manne: wa kuchinja, wa kufuga, wa kulimia na wa mahari. Wa mahari ni yule aliyekataliwa kwenye mafungu matatu ya kwanza, ila ukimtazama kwa mbali anapendeza. Ng'ombe huyohuyo anaweza kuingia mnadani asubuhi akiwa wa kuchinja, na ikifika saa sita, akatokea kijana mwenye haraka ya kuoa, akatoka akiwa wa mahari. Hajabadilika hata kwato. Kilichobadilika ni mteja.

Kijana mwenye haraka safari hii alikuwa wa nyumbani. Ni mtoto wa marehemu kaka yangu, anafundisha biolojia katika sekondari moja huku Masumbwe, na sote tunamwita Mwalimu, hata mimi niliyempakata. Yeye ananiita Baba mdogo. Alikuwa amempata mwanamke, fundi cherehani aliyekuja mjini kushona sare za wanafunzi, na kwa kuwa kaka hayupo, mimi ndiye niliyetakiwa kwenda kwao kuzungumza mambo ya mahari. Nilifurahi. Mtu akiniambia "nenda kazungumze" huwa nahisi kama mwenzangu anavyohisi akiambiwa "njoo ule".

Kuhusu fundi huyo kulikuwa na jambo ambalo kila mtu alilijua na hakuna aliyelitaja. Aliwahi kuolewa, upande wa Geita, na mwanaume mwenye hisa kwenye duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu. Miaka ikapita, mtoto hakupatikana. Hospitali alipelekwa yeye. Mume hakupimwa, kwa sababu duara lake lilikuwa linatoa, na mtu ambaye duara lake linatoa haulizwi maswali. Mwishowe mwanamke akarudishwa kwao Didia, na baba yake akatakiwa arudishe ng'ombe. Wengi wao walikwisha kufa kwa ukame. Mzee akalazimika kununua ng'ombe wengine ili apate wa kurudisha, jambo ambalo hata mimi, pamoja na uzoefu wangu, niliona ni hesabu mbaya.

Kabla sijaondoka, Mwalimu aliniketisha nyumbani kwake.

"Baba mdogo," akasema, "kule utazungumza kila kitu. Punguza, ongeza, tania, danganya kidogo ukipenda. Ila habari za kuzaa usiziguse. Akizisikia tena kutoka kwenye mdomo wa mtu aliyekwenda kumposa, huyu hatakuja kwangu. Ameniambia mwenyewe."

Nikamkubalia. Moyoni niliona tunaacha punguzo la wazi, maana mnadani kasoro inayojulikana na pande zote mbili hushusha bei bila watu kukosana. Lakini nilikubali, na mimi nikishakubali jambo nalihesabu kama limelipwa.

Safari ya kwanza ya Didia ilikwenda vizuri. Tulianza kwenye ishirini, wao wakisema ishirini na mimi nikicheka. Nikasema sita, wakacheka wao. Tulipochoka kucheka tukawa kwenye kumi na wawili. Hapakuandikwa wa aina gani, na mimi sikuona sababu ya kukumbusha.

Kupata kumi na wawili haikuwa kazi. Kulikuwa na mchimbaji mmoja aliyepata dhahabu ya kutosha kumharibu akili, akaamua awe mfugaji wa kisasa. Akanunua ng'ombe wa maziwa machotara, wakubwa, weusi kwa weupe, mgongo umenyooka kama meza, nundu hakuna. Akawajengea banda la bati lililopendeza kuliko nyumba yake. Duara likakauka, pumba zikaisha, ng'ombe wakabaki wanamtazama. Nilimfikia siku ambayo angeweza kuwauza kwa salamu tu. Nikachukua majike watano. Nikaongeza mitamba mitatu ya kienyeji, maksai watatu wazuri wa jembe, waliohasiwa tangu zamani, na jike moja zee ambalo muuzaji aliniapia kuwa lina busara. Watano, watatu, watatu na mmoja. Hesabu mwenyewe.

Habari haikai. Siku mbili baadaye simu ikatoka Didia. Mzee, baba wa mwanamke, alikuwa amesikia kuwa kuna ng'ombe wasio na nundu, na aliuliza kwa upole kama ni kweli, na kama ni kweli, wanaitwaje.

Nilikwenda kwa Mwalimu, siyo kwa majuto bali kwa silaha. Nilimwambia wewe umesomea viumbe, nipe maneno ya kitaalamu ya kuthibitisha kuwa ng'ombe asiye na nundu ni ng'ombe. Akafurahi kama ambavyo sijawahi kumwona akifurahi. Nadhani hakuna mtu mzima aliyewahi kumwomba somo.

Alichora ngazi ubaoni, kwenye ubao mdogo anaofundishia twisheni. Juu kabisa himaya, wanyama wote humo. Chini yake faila, halafu ngeli, oda, familia, jenasi, na mwisho spishi. Nikahesabu: saba. Akaniambia niichukulie kama anwani ya mtu: nchi, mkoa, wilaya, tarafa, kata, kijiji, kitongoji. Nikahesabu tena: saba. Hapo nikaanza kuwaheshimu watu hawa. Ukishuka, watu wanapungua na wanazidi kufanana, mpaka unafika kwenye kitongoji ambako wote ni wa namna moja.

Jina, akasema, kila kiumbe kinapewa mawili tu. La kwanza ni la jenasi, kama jina la ukoo. La pili ni la kwake ndani ya ukoo. Zamani wasomi walikuwa wanakiita kiumbe kwa maelezo marefu, sentensi nzima, na kila mmoja na sentensi yake. Sasa ni majina mawili, ya Kilatini, dunia nzima. Nikamuuliza kwa nini Kilatini na siyo Kisukuma. Akasema Kilatini hakina tena mwenyewe wa kujivunia. Kisukuma cha Didia na Kisumbwa cha huku kwetu, mti mmoja tu tayari unatugombanisha kwa majina, na mti mwingine tunauita sawa kumbe ni miti miwili.

Nikamuuliza wakigombana wasomi wenyewe inakuwaje. Jina lililotangazwa kwanza kwa utaratibu ndilo linashinda, akasema, hata kama ni baya, hata kama linamsifia mnyama kwa nchi ambayo hajawahi kuikanyaga. Hiyo nikaielewa haraka kuliko zote. Ni kama leseni ya kuchimba: hatuulizi nani anaijua ardhi vizuri, tunauliza nani aliwahi.

"Na ng'ombe?" nikasema. "Turudi kwenye biashara."

Ng'ombe wenye nundu na wasio na nundu, akasema, zamani walipewa majina mawili tofauti, spishi mbili. Baadaye wengine wakasema hapana, ni spishi moja yenye matawi mawili. Hadi leo wapo wanaoandika hivi na wapo wanaoandika vile. Nilifarijika sana. Siku zote nilidhani sayansi ni amri, kumbe nayo ni mnada, ila wao wanaandika.

Wanaosema ni moja wanatumia kipimo gani? Hapo ndipo alipokitoa. Kipimo kimoja kati ya vingi, akasema, ni hiki: makundi ya viumbe yanayoweza kuzaana, na watoto wao nao wakazaa, yanahesabiwa spishi moja. Fahali mwenye nundu ukimpeleka kwa jike asiye na nundu unapata chotara, na chotara anazaa bila shida. Punda na farasi wanapata nyumbu wa kubeba mizigo, lakini nyumbu huyo kwa kawaida hazai, kwa hiyo wao ni wawili. Kisha akaendelea. Akasema kipimo hicho ni cha makundi, siyo cha mnyama mmojammoja. Akasema kuna viumbe visivyo na jike wala dume ambavyo kipimo hicho hakivigusi, na kuna vilivyokufa zamani tukabaki na mifupa, ambavyo hakuna aliyeviona vikizaana. Akaeleza mengine mengi.

Mimi nilisikiliza mpaka kwenye "spishi moja". Yaliyofuata niliyachukulia kama yale maandishi madogo ya nyuma ya tiketi ya basi.

Kitu kingine alichonifundisha ni ufunguo wa kutambua. Ukiokota mdudu humjui, unajiuliza swali lenye majibu mawili. Ana mbawa, hana mbawa. Ukijibu, unapelekwa swali la pili, na kila swali linakata nusu ya viumbe, mpaka unabaki na mmoja. Nilimwambia hiyo siyo sayansi, hiyo ndiyo kazi yangu. Unamfanya mtu akubali kitu kidogo ambacho hawezi kukikataa, halafu kingine, halafu kingine, na akija kushtuka ameshalipa. Mwalimu hakupenda mfano huo. Ningelizingatia hilo, tusingefika hapa.

Siku ya kuwapeleka ng'ombe, mimi na Mwalimu tulipita Kahama, tukapita Tinde, tukafika Didia jua likiwa bado halijakali. Salamu zilichukua muda wake. Mzee alisimama kutupokea, nami nikampa shikamoo ingawa tunakaribiana umri, kwa sababu shikamoo haina gharama na inamfanya mtu aanze mazungumzo akiwa na deni. Akaipokea: marahaba. Hakuonyesha dalili yoyote ya kudaiwa.

Lazima niseme kidogo kuhusu mzee huyu. Alifanya kazi kwenye mgodi wa almasi wa Mwadui miaka mingi, akichambua mawe. Amestaafu lakini macho hayajastaafu. Alizunguka zizini taratibu, mikono nyuma, akimtazama kila ng'ombe kwa muda uleule, siyo zaidi wala pungufu, hata wale wazuri. Mnadani mteja wa namna hiyo tunamwogopa. Nyuma yake alikuwa dada yake, shangazi wa mwanamke, mama mwenye umri mkubwa aliyekaa kwenye kiti katikati ya wanaume bila kuombwa na bila mtu kushangaa. Mwanamke mwenyewe alikuwa jikoni na wenzake, na jikoni ni hatua chache tu, mlango wazi.

"Mkwe," mzee akaniambia aliporudi kukaa, "nimeona saba. Hawa watano sijui ni kina nani."

Nikamwambia ni ng'ombe. Akasema nundu iko wapi. Akaeleza, bila hasira, kwamba huko nyuma aliwahi kutakiwa arudishe ng'ombe, na nadhani nilikuwa nimesikia. Nikasema nimesikia kidogo. Akasema tangu hapo anataka ng'ombe ambaye ukame ukija unamkuta, na ukiondoka unamwacha. Ng'ombe wa kienyeji akikosa majani anakula nundu yake mwenyewe. Hawa watakula nini, bati?

Pale pangefaa kuongeza mbuzi wawili na kumaliza. Ningekuwa na akili ya siku zote ningeongeza. Lakini nilikuwa na silaha mpya, na mtu mwenye silaha mpya hutafuta mahali pa kuijaribu. Mwalimu alikuwa amekaa pembeni yangu na shati lake lililonyooshwa, hajui mikono aiweke wapi.

Nikaanza na ufunguo. Nikamwomba mzee anijibu maswali mafupi tu. Huyu mnyama ana pembe au hana? Anazo. Kwato zimegawanyika au hazijagawanyika? Zimegawanyika. Anacheua au hacheui? Anacheua. Nilikuwa naiona nusu baada ya nusu ikidondoka, na sauti yangu ikaanza kupanda.

"Mkwe," shangazi akasema, "mpaka hapo umetuletea mbuzi."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka kwa sauti kuliko wao, ndivyo inavyotakiwa. Nikaruka maswali yaliyobaki, nikaenda moja kwa moja kwa wasomi. Nikawaambia kwamba dunia nzima imekaa ikakubaliana, kwamba nundu si kitu, ni kama mtu mfupi na mtu mrefu, kwamba wenye nundu na wasio na nundu kwa jina la kitaalamu ni jamii moja. Sikuwaambia kuwa dunia bado inabishana. Hakuna anayempeleka mteja kwenye banda la mshindani.

Mzee akafikiri. Akasema kule kazini kwake yote yalikuwa almasi, hakuna aliyebisha. Lakini hakuna bosi aliyewahi kumwambia ayaweke chungu kimoja. Jina moja, mafungu mengi, na kila fungu na bei yake. Alisema hivyo huku akimtazama jike zee, lile la busara.

Ilikuwa hoja nzuri. Ilikuwa hoja yangu mwenyewe, ya mnadani, mtu amenivua na kuivaa yeye. Nikaona nisipoipiga sasa hivi naondoka na ng'ombe watano kwenye lori. Ndipo nikatoa kipimo.

"Kipimo cha wasomi ni kimoja," nikasema. "Wanaozaana, na watoto wao wakazaa, hao ni jamii moja. Asiyezaa si wa jamii hiyo."

Sehemu ya kwanza niliinunua kwa Mwalimu. Ya pili niliiongeza mwenyewe. Ni tabia ya kazi: bei ukishaitaja lazima uigongee msumari, isije ikatikisika. Nilimsikia Mwalimu akisema "Baba mdogo" kwa sauti ya chini. Nikadhani ananisifu.

Shangazi akainama mbele kidogo. "Hebu rudia hapo mwisho. Masikio yangu yamezeeka."

Nikarudia, polepole, na kwa furaha. Asiyezaa si wa jamii hiyo.

Akainuka, akaenda zizini na fimbo yake. Akamgusa maksai wa kwanza. Huyu anazaa? Nikasema mkwe, maksai ni wa jembe. Hajauliza kazi yake, akasema, ameuliza kama anazaa. Akamgusa wa pili, akamgusa wa tatu. Akafika kwa jike zee, akalitazama tumbo na chuchu, akatikisa kichwa. Wanne nje. Kwa kipimo chetu wenyewe, tena cha wasomi wa dunia nzima, tumeleta ng'ombe wanane na wanyama wanne wasiojulikana. Watu walikuwa wanacheka sana sasa, hata mzee, na mimi nilikuwa tayari natafuta njia ya kurudi. Nikitoa maksai mmoja, nikaongeza mbuzi, labda.

Halafu kicheko kikaisha, siyo kwa mara moja, kwa mtu mmojammoja. Shangazi ndiye wa mwisho kunyamaza. Alikuwa bado amenyoosha fimbo kwenye jike zee, na nadhani hapo ndipo yeye mwenyewe alipoelewa alichokuwa anakionyesha. Akaishusha.

Mwanamke alikuwa amesimama mlangoni na birika la maji na beseni, maana chakula kilikuwa tayari na alikuwa anakuja kutunawisha. Sijui alisimama hapo tangu lini. Alinitazama mimi kwa muda mfupi, kama unavyotazama kitu ulichoambiwa kitakuwepo na kweli kikawepo. Kisha akamgeukia Mwalimu.

"Na mimi, Mwalimu," akasema, "unaniweka fungu gani?"

Hakupaza sauti. Mwalimu akasimama. Akasema kwamba Baba mdogo ameongeza maneno, kwamba kipimo ni cha makundi, hakimhusu kiumbe mmoja. Akasema nyuki vibarua wanaoujaza mzinga hawazai maisha yao yote, na hakuna msomi aliyewahi kuwatoa kwenye spishi yao. Akasema kwamba kila jina la kitaalamu limefungwa kwenye kielelezo kimoja kilichohifadhiwa mahali, kimekauka, hakitazaa kamwe, na ndicho kinachowashikia wengine wote jina lao. Yote yalikuwa kweli. Aliyasema haraka, kama anayejibu mtihani muda umeisha.

"Sikuuliza habari za nyuki," mwanamke akasema.

Akaweka birika chini, taratibu, na beseni kando yake, akarudi ndani. Tulinawa wenyewe. Kuku alikuwa mtamu, nasema kwa haki, na hakuna aliyemmaliza. Mwalimu hakula. Baada ya chakula mzee akasema ng'ombe wetu wanywe maji, wapumzike, na sisi pia tupumzike, na mazungumzo yatapumzika pamoja nasi. Hakusema mpaka lini. Tukawapeleka ng'ombe Tinde kwenye zizi la kukodi, ambako wapo mpaka ninavyoandika, kumi na wawili, wanaozaa na wasiozaa, na wote wanakula sawasawa.

Njiani kurudi nilijaribu kuzungumza. Nilimwambia Mwalimu kwamba sikulitaja lile jambo. Hesabu maneno yangu, nikamwambia, rudia toka mwanzo: nimetaja ng'ombe, nimetaja wasomi, sikumtaja mtu. Alinijibu tulipokwisha kuiacha Kahama nyuma.

"Ulichukua kipimo cha kundi, ukampimia mtu," akasema. "Sisi tunamfelisha mwanafunzi kwa hilo."

Tangu siku hiyo kila asubuhi ananipa shikamoo, naipokea, na mazungumzo yetu yanaishia hapo. Sijawahi kuona salamu ikiwa fupi hivyo kati ya watu wawili wanaosalimiana vizuri. Usiku taa yake inawaka. Wanafunzi wa twisheni wameniambia hafundishi tena uainishaji. Amerukia mada ya mizizi.

Nilifanya nilichozoea. Nilimpigia mzee simu nikasema naelewa niliteleza, na kwa kuteleza kwangu nipo tayari kutoa mtamba, wangu mwenyewe, siyo wa kwenye kumi na wawili, mwenye nundu. Akasema asante, atauliza ndani. Kimya. Nikapiga tena, nikaongeza mbuzi wawili. Kimya tena. Nikaanza kuona ni mazungumzo ya kawaida, kwamba wanasubiri niongeze, na nikiri kwamba kwa siku moja nzima nilijisikia vizuri.

Jibu lililetwa na shangazi, kwa simu, juzi. Sauti yake haikuwa na mzaha. Alisema yeye na mimi tuna kosa moja, ila yeye la kwake ameshalimaliza: alikwenda jikoni jioni ileile, wakakaa, wakalia, wakamaliza. Mwanamke hajamkataa Mwalimu. Watano wasio na nundu hana neno nao. Amemwambia baba yake awapokee, atawatafutia pumba mwenyewe. Lakini haondoki kwao kwa mdomo uliomhesabu. Aliyesema aje aseme tena mbele yake, safari hii vizuri. Aje peke yake. Na asije na kitu.

Nikauliza: hata mbuzi?

"Hata kilo ya sukari," shangazi akasema. "Ukija na kitu, mkwe, utaanza kumweleza thamani yake. Tunakujua."

Nimepewa Jumamosi. Nisipokwenda, au nikienda nikaharibu, Mwalimu anabaki na ubao wake, na mwanamke anabaki Didia akijua kwamba amepimwa mara ya pili, tena kitaalamu. Hilo naliona wazi. Sihitaji kulihesabu mara mbili, ingawa nimelihesabu.

Shida ni mdomo. Nimefanya mazoezi mbele ya jike zee huko Tinde, ambalo angalau linanisikiliza huku likicheua. Nikianza na "binti yangu, nisamehe", neno linalofuata ni "lakini". Nikilikwepa "lakini", najikuta kwenye "hata hivyo". Nikivikwepa vyote viwili, namwahidi mtamba. Nimezungumza na watu maisha yangu yote, na leo ndiyo nagundua kwamba sijawahi kumwambia mtu kitu bila kushika kitu mkononi, hata kama ni kamba tu.

Kwa hiyo nauliza, na nauliza kweli. Nyinyi mliowahi kwenda kwa mtu mikono mitupu, mkakaa, mkasema, na mkasikilizwa: mlianzaje? Mnikumbushe hiyo sentensi ya kwanza tu, kabla ya Jumamosi. Ya pili nitahangaika nayo mwenyewe.